Mpaka wa Cheo

Wapo wasemao kuwa mila haikumruhusu mwanamke kumhukumu mwanamume, na kwa hiyo cheo kikubwa hakimfai. Hoja hiyo haisimami chini ya Mlima Hanang. Wabarbaig wa huko tangu zamani walikuwa na baraza la wanawake, girgwageda gademga. Mwanamume aliyemkosea mwanamke alihukumiwa na baraza hilo, akatozwa ng'ombe, na aliyekaidi aliogopa laana.

Lakini baraza hilo lilikuwa na mpaka wake: liliamua makosa yaliyowagusa wanawake, mengine yalikuwa ya wazee wanaume. Aliyeaminiwa kupima haki ya wenzake, kwa nini asiaminiwe kupima haki ya wote?

Mary Nagu, aliyeongoza wizara ya mambo ya wanawake na watoto katika miaka ya 1990, alichaguliwa kuwa mbunge wa Hanang mwaka 2005. Mwaka 2006 akawa Waziri wa Katiba na Sheria. Mpaka ulivukwa. Walakini, kuvukwa na mmoja hakuufuti. Utafutika siku mtumishi mwanamke katika ofisi ya Mbulu au Hanang atakapopandishwa cheo kwa kazi yake, wala asihesabiwe kuwa amefadhiliwa. Fadhili huweza kunyimwa. Haki ni deni.