Je, mtongozaji anaweza kupenda kweli?

Kuna swali linalorudi kila mara katika mazungumzo ya vijana wetu, na hata sisi wazee linatugawanya. Mwanaume aliyezoea kuchezea wanawake kwa maneno matamu anakutana siku moja na mwanamke anayemkataa. Usingizi unamtoka, chakula kinamshinda, wengine wote anawaacha. Je, hayo ni mapendo? Ao ni hasira ya mwindaji aliyekosa nyama? Wanawake wanajibu haraka: "Anajifanya." Wanaume nao: "Amerogwa." Sisi tunapashwa kulitazama jambo hili polepole, kwa sababu ndani yake kuna heshima ya binti zetu.

Mtaani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, kulikuwa fundi mmoja wa kushona, kijana mwenye mikono mizuri na kinywa kizuri kuliko mikono. Mwanamke akileta kikwembe chake, fundi anampima, anamsifu, halafu anamwambia kwamba yeye hatalipa sawa wengine: atalipa nusu, ao atalipa siku atakayopata. Ile nusu iliyobaki ndiyo ilikuwa ndoano. Akirudi kujaribu nguo, mwanamke anaona haya kukataa soda. Kesho anaona haya kukataa matembezi ya jioni. Wengi walilia juu ya huyo fundi. Yeye alikuwa akisema tu: "Mie sikulazimisha mutu."

Siku moja akaja binti mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kushonesha nguo ya kumaliza matanga ya mama yake. Fundi akaanza maneno yake. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Fundi, batu bengine banalipaka ngapi?"

Akamtajia bei.

"Basi na mie nitalipa ile ile."

Akalipa, akaenda zake. Hakumtukana wala hakukasirika. Alikataa deni, basi.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu huyu binti alielewa jambo ambalo wazee wetu walilijua sana. Mtongozaji anatoa zawadi kwa siri, ili mwanamke abaki mdeni wake. Mali tunayopeleka kwa wakwe inatolewa mchana, mbele ya mashahidi wa pande mbili. Kwa Washi, mali ilihesabiwa kwa ngombe, na mpaka leo mjini, hata familia zikipokea dola, bado mazungumzo yanataja ngombe. Pombe ya ndizi, kasiksi, inanywewa pamoja. Na baada ya hapo ni mwanaume ndiye anayebaki na deni: la kumheshimu mke, la kusaidia wakwe, la kujibu mbele ya watu akimtesa. Zawadi ya siri inamfunga mwanamke. Mali inamfunga mwanaume.

Turudi kwa fundi. Alijaribu tena, akapeleka kitambaa cha bure, kilirudishwa. Akaanza kukonda. Rafiki zake walimcheka: yeye aliyeshinda wengi, anashindwa na muuza samaki! Sisi tunasema kwamba saa ile bado haikuwa mapendo. Ilikuwa kiburi kilichoumia, na kiburi kinalia machozi sawa na mapendo.

Ushahidi ni kile alichokifanya. Baba wa binti alikuwa amekwisha kufa, basi fundi akaenda kwa baba mdogo wake na pesa ya ngombe mbili kama mwanzo wa mali. Baba mdogo akafurahi, akapokea. Binti alipoitwa mbele ya jamaa, akapiga magoti kama desturi inavyotaka, akasema:

"Baba mudogo, ninakuheshimu. Lakini ni nani aliniuliza? Ni ngombe njo inaolewa, ao ni mie?"

Watu wakacheka, lakini neno lilikuwa zito. Tunapenda kusifu desturi zetu, na ni vizuri. Lakini tuseme ukweli: mlango wa mali unaweza kupitiwa na mtu yule yule aliyeshindwa kwenye mlango wa maneno matamu. Akikataliwa na binti, anamnunua mjomba ao baba mdogo. Hiyo si desturi, ni kuvaa desturi kama koti. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mali itolewe, lakini inataka pia kila mmoja wa wachumba akubali yeye mwenyewe. Na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 40, inampa kila mtu haki ya kuoa ao kuolewa na yule aliyemchagua.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 1782 Mfaransa Laclos alitunga hadithi ya bwana mkubwa mmoja, Valmont, aliyemwinda mwanamke wa heshima na mcha Mungu kwa ajili ya kujisifu. Mwanamke alimpinga siku nyingi, na mwindaji akanaswa na mapendo. Lakini alipochekwa na mwanamke mwenzake katika ujanja, aliona haya kupenda, akamwacha yule mama kwa barua ya ukatili. Wote wawili walikufa. Valmont alikuwa na mapendo moyoni. Kilichomshinda ni kuonekana mnyonge mbele ya wenzake.

Fundi wetu naye alikuwa njia panda. Angeweza kumsukuma baba mdogo, kuongeza ngombe ya tatu. Badala yake alimwendea, akamwambia mali ile ihesabiwe kama haikutolewa. Halafu akaenda sokoni, akasimama mbele ya meza ya sambaza, mchana, watu wakisikia:

"Dada, nilikosa. Nilikuombea kwa wengine, na jibu ni lako peke yako. Unisamehe. Sitarudia tena."

Na hakurudia. Tangu siku ile, kwake bei ikawa moja kwa wanawake wote.

Kijana mmoja atatuuliza: "Lakini si wazee ndio waliofundisha kwamba binti mwenye haya hakubali mara ya kwanza?" Ni kweli, katika familia nyingi binti alifundishwa asikubali haraka. Ndiyo sababu kulikuwa na shangazi. Yeye alimwuliza binti pembeni, bila mwanaume kuwapo, na binti alimwambia kama "hapana" yake ni ya haya ao ni ya moyo. Mwanaume hakupewa ruhusa ya kuitafsiri mwenyewe kama anavyopenda. Masiku haya shangazi amebaki kijijini na vijana wanaongea kwa simu. Basi, uliza mara moja, wazi, na usadiki jibu unalopewa.

Wengi wanataka kujua kama wale wawili walioana. Hapana. Baada ya miaka miwili binti aliolewa na mwanaume mwingine. Nguo za arusi zilishonwa na yule fundi, vizuri sana, naye akalipwa bei ya kila mtu.

Basi, jibu letu ni hili: mtongozaji anaweza kupenda kweli. Lakini alama ya mapendo si kukonda, si machozi, wala si hesabu ya ngombe. Mtazameni siku aliyoambiwa "hapana". Akitafuta mlango mwingine wa kuingilia, bado anawinda. Akilipokea jibu na kuendelea kumheshimu yule aliyemkataa, bila kupata kitu, huyo ameanza kupenda.

Nanyi wazazi, siku pesa itakapowekwa mezani, kabla ya kuigusa, mwiteni kwanza binti, mmuulize.