Vipimo vya Stesheni Isiyokuwapo

Ashburton ni mji mdogo wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1872 ulifikiwa na tawi la reli kutoka Totnes, lenye urefu wa kilomita 14 na ushei. Treni ya mwisho ya abiria iliondoka mwaka 1958, na ile ya mizigo mwaka 1962. Wapenzi wa reli wakalifufua tawi hilo, na mwaka 1969 likafunguliwa rasmi na Dk. Richard Beeching, yule yule ambaye ripoti yake ya mwaka 1963 ilipendekeza stesheni zaidi ya elfu mbili zifungwe nchini humo. Lakini kipande cha mwisho, cha kutoka Buckfastleigh hadi Ashburton, hakikupona. Mwaka 1971 kilifungwa kupisha upanuzi wa barabara kuu.

Hata hivyo stesheni ya Ashburton imejengwa upya mara nyingi, mezani, na watu wanaounda reli ndogo kwa kipimo cha 1 kwa 76.2. Katika kipimo hicho abiria mzima ana kimo cha milimita 23 hivi. Tawi lote lingedai chumba chenye urefu wa mita 190, kwa hiyo wengi hujenga stesheni peke yake: jukwaa moja, paa la mbao lililofunika jukwaa na njia ya treni, banda la injini, ghala la mizigo, na zizi la kupakilia mifugo.

Ndugu zangu, nimevutwa sana na ukali wa watu hawa juu ya vipimo. Reli ndogo inayouzwa madukani ina upana wa milimita 16.5. Lakini reli halisi ina upana wa milimita 1,435, na ukiugawanya kwa kipimo hicho unapata 18.83. Tofauti ni milimita mbili na kidogo, na mgeni hataiona. Wao wanaiona. Kwa ajili yake wapo wanaoacha reli ya dukani, wakatandaza yao wenyewe, taruma kwa taruma, wakabadilisha magurudumu ya kila injini na kila behewa. Ukiinama karibu na kazi iliyofanywa vizuri, utaiona hata ile kabari ya mbao iliyobana chuma cha reli kwenye kishikio chake, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Anayefanya hivi hafanyi mchezo wa kupoteza muda. Mmoja wao, Roye England, alifika Uingereza akitokea Australia mwaka 1925, akalipenda bonde la White Horse na nyumba zake za kuezekwa kwa nyasi. Kisha akaona nyumba hizo zikibomolewa na kuharibiwa. Hakuwa na uwezo wa kuzizuia nyundo. Alichoweza ni kupima. Yeye na wenzake walizipiga picha nyumba zilizobaki, wakazipima, wakazijenga kwa kadi na rangi za maji pamoja na reli zilizopita bondeni, kama mambo yalivyokuwa miaka ya 1930. Kazi hiyo iko katika makumbusho ya Pendon, kijijini Long Wittenham. Roye England alifariki mwaka 1995, na wanaojitolea bado wanaiendeleza. Hata makasisi wamo katika kazi ya namna hii: Wilbert Awdry, aliyetunga hadithi za injini Thomas, alijenga tawi lake mwenyewe, na Peter Denny aliitunza reli yake ya Buckingham miaka mingi sana.

Naona ndugu yao mkubwa ni nabii Ezekieli. Katika sura ya 4, akiwa uhamishoni Babeli, Mungu anamwamuru achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, kisha aujengee maboma, kambi na magogo ya kubomolea, pande zote. Nabii analala ubavu mbele ya mji mdogo wa udongo, mji anaoupenda na ambao utaanguka. Ukifika sura ya 40, mwaka wa kumi na nne tangu mji upigwe, anaonyeshwa nyumba ya Bwana, na mtu mwenye mwanzi wa kupimia anapima kila lango, kila kizingiti, kila chumba. Wengi wetu tunazifunga Biblia zetu hapo, tukiona hesabu zimezidi. Mimi naamini hesabu zile zilikuwa faraja. Watu waliopoteza nyumba wanaambiwa upana wa mlango.

Sasa tazameni tunavyofanya misibani. Tunasoma wasifu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, ameacha watoto na wajukuu. Ni kweli tupu, lakini mjane anayo mengine. Anajua mzee alianza kuvaa kiatu cha mguu gani, alivyokunja gazeti, kikombe alichokataa kukibadilisha kikiwa kimemeguka mpini. Akianza kuyasimulia, tunamkatiza kwa upole kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, apumzike. Tunamnyima kazi ambayo Mungu mwenyewe alimpa Ezekieli.

Matanga yakishaanuliwa, turubai likarudishwa na wageni wakapanda mabasi yao, ndipo naomba wazee wa kanisa na akina mama wa jumuiya waende kwa mjane. Msiende na mahubiri. Muulizeni: marehemu alipenda chai yake iweje, alikaa kiti kipi, alimwitaje mwanawe wa mwisho. Akirudia lile lile wiki ijayo, sikilizeni tena. Masomo ya nyumbani wiki hii ni Ezekieli sura ya 4 na sura ya 40. Tafadhali msiviruke vipimo.