Kijana Asiyeacha Mwana

Mzee akifa nyumbani kwake, naye ameacha watoto na wajukuu, jina lake halihangaiki kutafuta pa kukaa. Hutajwa shambani, hutajwa jikoni, hutajwa wazee wa ukoo wanapogawa ardhi. Lakini kijana wa miaka ishirini aliyekufa vitani, hana mke wala mtoto, na mwili wake haukurudi kwao, ni nani mwenye wajibu wa kumkumbuka? Nakuomba, msomaji, ulishike swali hili kwa kitambo, maana ni zito kuliko linavyoonekana.

Nairobi, kando ya barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, zimesimama sanamu tatu za shaba. Zilichongwa na James Alexander Stevenson, zikasimamishwa mwaka 1928 kuwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maneno yaliyo chini yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yalitungwa na Rudyard Kipling. Humwambia askari kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ni ahadi nzuri, lakini tazama inavyopwaya. Kipling alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, John, aliyepotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa na umri wa miaka kumi na minane. Hakuacha mtoto, na baba yake alifariki mwaka 1936 bila kulijua kaburi lake. Kama kukumbuka ni kazi ya wana peke yao, basi ahadi ile haikumfaa mwana wa mtunzi wake.

Kwetu Gusii, yaani Kisii na Nyamira za leo, ambazo wakati wa utawala wa Waingereza zilikuwa ndani ya wilaya moja ya South Kavirondo, wazee walilitafutia swali hili jibu kabla ya sanamu zote. Mtoto azaliwapo hupewa jina la jamaa aliyefariki. Aliyekufa bila mtoto huweza kupata wa jina lake katika nyumba ya nduguye. Jina hilo haliandikwi juu ya jiwe, huitwa: huitwa wakati wa kula, huitwa kwa kukaripiwa, huitwa likatumwa maji mtoni. Naiona desturi hii imeishinda shaba kwa hekima, ingawa ina udhaifu wake. Kizazi cha pili au cha tatu kikifika, anayejulikana ni mwenye jina wa sasa, na yule wa kwanza amefifia.

Chukua mfano mmoja. Mwezi wa Februari, 1944, meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kuelekea Colombo, imepakia askari, wauguzi na mabaharia. Walikuwamo wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 ya mwezi huo, katika bahari ya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliipiga meli ile, ikazama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa. Baadhi ya walionusurika walikuwa wangali wakielea wakati manowari ya Waingereza, Petard, ilipotupa mabomu ya kulipuka kilindini ili kuisaka nyambizi, na wengine wao wakauawa na mabomu hayo. Nahodha aliona kwamba adui akiponyoka, meli nyingine za msafara zingezamishwa. Sitakuamulia kama alitenda haki. Kupima roho chache kwa roho nyingi ni hesabu rahisi kwa asiye ndani ya maji.

Majina ya wapiga mizinga wale yameandikwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki. Wenzao waliofika Burma wakafa msituni bila kaburi lijulikanalo wameandikwa Taukkyan, karibu na Rangoon, kati ya majina yapatayo 27,000.

Hapa mwanafunzi mwerevu husimama na kupinga. Vita vile, atasema, havikuwa vyetu. Katika Gusii twamheshimu Otenyo mwana wa Nyamaterere, aliyempiga mkuki Northcote, ofisa wa serikali, mwaka 1908. Iweje tumheshimu na yule aliyevaa sare ya serikali ile ile? Hoja hii ina nguvu, wala siipuuzi. Lakini naona yafunga mzigo mmoja wa vitu viwili visivyolingana: kuvisifu vita, na kumkumbuka mtu.

Waingereza wenyewe wametaabika na jambo hili. Katika vikosi vyao vya ndege za mabomu walikufa vijana 55,573. Ndege zao ndizo zilizoiteketeza Hamburg mwaka 1943 na Dresden mwaka 1945, na ndani ya moto huo walikuwamo watoto na vikongwe. Wengi waliona haya kuwajengea ukumbusho. Ule wa London haukufunguliwa mpaka Juni 2012. Mpiga bunduki aliyeketi peke yake mkiani mwa ndege, katika giza na baridi, hakuchagua mji wa kuchomwa. Sisemi kwamba hana hatia yoyote. Nasema mama yake alipolitaja jina lake, hakuwa akiusifu moto.

Kuna namna nyingine ya kusahau, nayo yafanana sana na kukumbuka. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu. Kila siku watu hulitaja neno hilo wakienda sokoni, wala hawamkumbuki mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kati ya maofisa wa siku zile walikuwamo waliodhani kwamba Mwafrika asingefahamu maana ya jiwe la kaburi. Walidhani hivyo juu ya watu waliokuwa wakiwapa watoto wao majina ya wafu!

Tume yaweza kuchonga mawe, lakini haiwezi kuchonga jina isilolijua. Majina mengine yamebaki vinywani tu, na vinywa hivyo vyapungua: aliyekuwa mtoto mwaka 1944 sasa amepita miaka themanini. Ukiwa na jamaa wa umri huo, awe Nyaribari, Bobasi, Kitutu au Mugirango, muulize kwa adabu ni nani katika ukoo aliyekwenda vitani asirudi, alikuwa mwana wa nani, alikwenda kwa hiari au kwa kushikwa, na ni mtoto gani aliyepewa jina lake baadaye. Mwache aseme polepole. Andika katika daftari, na chini yake uandike tarehe uliyoambiwa.