Nisindikize, Frateri



Likizo hii, hapa Songea, mama mmoja wa jumuiya yetu alinionyesha barua. Miaka ya 1980 alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita. Ameolewa hapa, ana watoto watatu. Wa mwisho yuko darasa la pili. Sasa ameambiwa alete karatasi ambazo hajawahi kuwa nazo, la sivyo arudi kwao. Kwao wapi, na wanawe wako huku?

Nikamjibu kama tulivyozoea: "Nitakuombea, mama."

Akanitazama. "Asante, Frateri. Ila kesho nisindikize. Fomu ni ya Kiingereza."

Jamani, niliona aibu. Mwaka 1952 Papa Pius XII, katika waraka wake Exsul Familia, alituonyesha Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa kila familia ya wakimbizi. Na usiku ule Yosefu hakuishia kusali. Aliamka, akamchukua Mtoto na mama yake, wakaondoka.

Basi tulienda. Tukapanga foleni, nikajaza fomu. Jibu bado, wiki ijayo tunarudi tena.

Kijana mwenzangu, kwenye jumuiya yako nani anahitaji kusindikizwa? Sali rozari yako, halafu vaa viatu.