Vazi la Maskini na Karo ya Chuo

Katika kitabu cha Kutoka Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba mtu akitwaa vazi la maskini liwe rehani, amrudishie kabla ya jua kuchwa. Mungu hakukataza kukopesha, wala hakusema deni lisilipwe. Alimtazama mkopaji usiku, akauliza atajifunika nini.

Twaikumbuka amri hiyo kila vijana wa vyuo wanapopaza sauti juu ya karo na mikopo. Wazee wengi huwadhania kiburi, na dhana hiyo ina asili yake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa sehemu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwa maoni yetu, tendo la pili liliwahubiria vizuri kuliko la kwanza.

Lakini wale waliombwa kutoa. Hawa wa leo waomba mlango. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewasomesha wengi, wala hatuidharau. Hata hivyo si kila mwombaji hupata, na wako wapatao sehemu tu. Mvuvi wa Ukerewe ambaye mwanawe amepata nusu, nusu ya pili ataitoa wapi? Atauza mtumbwi. Huo ndio vazi lake, na jua likichwa hakuna wa kumrudishia.

Kilio cha haki husikiwa. Mei Mosi 2021, hapa hapa Mwanza, Rais Samia alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya madeni hayo. Basi, enyi wanafunzi, semeni kwa hesabu na kwa adabu. Jiwe moja likirushwa, hoja zenu zote zasahauliwa.

Nasi Wakatoliki tusijitoe. Askofu Blomjous alianzisha chuo cha Nyegezi mwaka 1960, nacho tangu 1998 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Chuo cha Kanisa nacho hutoza ada, maana walimu nao hula. Lakini twachanga kwa furaha mamilioni ya arusi ya siku moja! Halmashauri za parokia zikutanapo juma hili, ziulize ni vijana wangapi wa kwao wameitwa chuoni, na ni nyumba zipi ambazo mtumbwi umekwisha kuuzwa.