Wamepunjwa Mizani

Msimu wa korosho ukifika Kibiti, mkulima haangalii gunia, anaangalia mizani. Gunia analijua. Amelijaza mwenyewe kwa korosho alizookota asubuhi baada ya asubuhi, ameinama chini ya mikorosho mpaka kiuno kikamkatalia. Asichokijua ni namba itakayosomwa. Ndiyo maana husogea karibu, na kama macho yamechoka humwita mwanawe anayesoma shule aje amsomee. Lakini kuna biashara nyingine tunayoiita kangomba. Mtu anakuja kabla ya msimu, wakati una mgonjwa ndani au mtoto anadaiwa mahitaji ya shule, naye ana kopo lake na fedha taslimu. Anapima kwa kopo lile, analipa anavyotaka, anaondoka. Humshitaki, maana umempa kwa mkono wako. Ila wote wawili mnajua kuwa jasho lako limepungua njiani.

Naanza na mizani ingawa ninachotaka kusimulia ni ubishi wa mpira. Nimeugeuza ubishi ule kichwani siku nyingi, na kila nikiugeuza unanirudisha palepale penye gunia na kopo.

Tulikuwa kwenye baraza la kahawa, kando ya barabara ya Kilwa, mahali mabasi ya Lindi na Mtwara yanapopunguza mwendo. Kijana mmoja aliyerudi likizo kutoka chuoni aliuliza: ukiziweka kando Simba na Yanga, timu gani ya nchi hii inastahili kuitwa bingwa mkubwa? Majibu yakamiminika. Mmoja akasema Azam, walichukua ubingwa wa 2014 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwingine akasema Tukuyu Stars, vijana wa Rungwe waliopanda daraja na kuchukua ubingwa papo hapo mwaka 1986. Dereva mmoja mwenye asili ya Tanga akawataja Coastal Union wa 1988, na sura yake ikanawiri kama mtu aliyetaja jina la mama yake.

Mzee mmoja alikuwa kimya muda wote. Ujanani aliwahi kwenda Turiani kukata miwa kabla ya kurudi Rufiji kulima mpunga. Aliweka kikombe chini, akauliza taratibu, "Na Mtibwa je?"

"Babu, Mtibwa walibahatisha," kijana akamjibu kwa adabu. "Miaka ile Simba na Yanga walikuwa wabovu."

"Walibahatisha mara mbili, mjukuu wangu?"

Baraza likanyamaza kidogo, kisha ubishi ukawaka upya. Mimi nilibaki na swali lile la mzee. Lina uzito kuliko urefu wake.

Mtibwa Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, mkoani Morogoro, iliyoanzishwa na wafanyakazi mwaka 1988. Uwanja wake, Manungu, uko huko huko kwenye mashamba ya miwa, mbali na magazeti na mbali na kelele za Kariakoo. Miaka 11 baada ya kuanzishwa, timu hiyo ikawa bingwa wa Tanzania Bara. Mwaka uliofuata, 2000, ikautetea ubingwa huo na kubaki nao.

Sasa tuweke jambo hilo kwenye mizani na tusome namba bila haraka. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Katika miaka yote hiyo, timu za nje ya Dar es Salaam zilizopata ubingwa wa Bara ni nne tu: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union 1988, na Mtibwa. Kati ya hizo nne, tatu ziliupata mara moja. Ni Mtibwa pekee iliyoupata mara mbili, tena mfululizo. Na tangu mwaka 2000 kombe hilo halijatoka tena Dar es Salaam. Kijana aliyezaliwa mwaka ule ni mtu mzima mwenye watoto, na hajawahi kuona timu ya mkoani ikiwa bingwa wa ligi.

Ukisoma namba hizo, unajiuliza kwa nini jina la Mtibwa halitajwi kwanza pale swali la kijana linapoulizwa. Kwa nini mpaka mzee mkata miwa awakumbushe watu?

Jibu la kawaida ni lile la kijana: wakubwa walikuwa wamelala. Nalo tulipime, kwa sababu haki ya kupimwa ni ya kila upande. Mwaka 1998 Yanga ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikiwa timu ya kwanza ya Tanzania kufika hapo. Hiyo ndiyo Yanga ambayo mwaka mmoja baadaye ilitazama ubingwa wa Bara ukienda Turiani. Simba nayo, mwaka 2003, iliwatoa Zamalek wa Misri waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti, kwao Cairo. Basi upande huu wa ubingwa wa Mtibwa kuna Yanga iliyotoka kufika makundi ya Afrika, na upande ule, miaka mitatu tu mbele, kuna Simba iliyomng'oa bingwa wa Afrika. Kama katikati hapo wakubwa walilala, usingizi wao ulikuwa mfupi ajabu, tena uliwashika wote wawili kwa pamoja, misimu miwili. Mimi naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba walikutana na timu nzuri.

Kijana, ambaye anapenda mpira wa kikapu kuliko mpira wa miguu, alikuja mwenyewe kuuona udhaifu wa hoja yake, na aliuona kupitia mlango wake. Anaijua timu ya Houston Rockets tangu Hasheem Thabeet wetu alipopita huko mwaka 2011, miaka miwili baada ya kuchaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA. Houston walikuwa mabingwa wa Marekani mwaka 1994 na 1995, wakiongozwa na Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos. Na mpaka leo wapo wanaosema kuwa walishinda kwa sababu Michael Jordan alikuwa amestaafu.

"Hiyo si kweli," kijana akasema, na sauti yake ikapanda. Akatueleza kwamba mwaka 1995 Houston waliingia kwenye mtoano wakiwa wa sita upande wao, na hakuna bingwa aliyewahi kutokea chini zaidi ya hapo. Wakawatoa Utah, Phoenix na San Antonio, timu zilizokuwa na ushindi mwingi kuliko wao msimu ule. Kwa Phoenix walikuwa nyuma kwa michezo mitatu kwa mmoja, wakageuza. Fainali wakawafunga Orlando minne kwa bila. Na Jordan? Alikuwa amerudi tangu mwezi wa tatu. Timu yake ilitolewa na Orlando haohao ambao Houston waliwafagia. Februari ya mwaka ule, akaongeza, Olajuwon alicheza akiwa amefunga Ramadhani, na mwezi huohuo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiyo hesabu uliyowafanyia watu wa Marekani ni nzuri sana. Wafanyie na watu wa Turiani."

Kijana akainamisha kichwa. Naamini alielewa, kwa sababu mimi nilielewa wakati uleule, na mimi nina deni la zamani zaidi kuliko lake.

Mwaka 1999 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi huko ndani ya delta ya Rufiji, kijiji ambacho njia yake ni maji na saa yake ni kujaa na kupwa. Umeme hatukuwa nao. Tulikuwa na redio ya mjomba, na betri zake zikichoka tulizianika juani zipate nguvu ya kumalizia mchezo. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyotuletea mpira. Siku habari zilipofika kuwa Mtibwa ni bingwa, mjomba alizima redio ili asimalize betri bure. Alisema tungoje mwakani, Simba na Yanga watakaa sawa. Nami nilikubaliana naye. Sikuwa nimeuona mchezo hata mmoja wa Mtibwa. Sikujua kipa wao ni nani. Nilijua tu kwamba jina lao halikuandikwa kwenye kanga wala kwenye kuta za maduka, na hilo likanitosha kupunguza kilo zao. Mtoto wa kijiji ambacho hakuna anayekitaja redioni nilikataa kufurahi na watu wa kijiji kingine waliotajwa redioni kwa kazi ya miguu yao. Nikifikiri hivyo leo, naona haya.

Wazee wetu wa madrasa walitufundisha Sura ya Al-Mutaffifin tukiwa wadogo, sura inayowaonya wanaopunja vipimo. Mwalimu wetu alikuwa akikazia jambo moja: kwamba mpunjaji anayeonywa pale ana mizani mbili. Akipokea cha wenzake anataka kijae, akiwapimia wenzake anapunguza. Nilidhani anazungumzia wenye maduka. Leo naona anatuzungumzia na sisi wapenda michezo. Shabiki akihesabu makombe ya timu yake, huyahesabu yote, wala haulizi mwaka ule nani alikuwa majeruhi na nani alikosa mishahara. Kombe ni kombe. Lakini likienda kwa mwingine, hutoa kopo la kangomba: walibahatisha, marefa waliwabeba, fulani hakuwepo. Bingwa yeyote hucheza na waliopo. Hakuna timu iliyowahi kumfunga mtu asiyefika uwanjani.

Na ipo tofauti moja kati ya mkulima wa korosho na bingwa wa zamani. Mkulima anaweza kusimama penye mizani na kuibishia namba. Bingwa wa zamani hayupo. Wachezaji wamestaafu, wengine wamezeeka, wengine wako makaburini, na michezo yao mingi haikubaki kwenye picha ambazo kijana anaweza kuzitazama kwenye simu. Gunia lao limebaki mikononi mwetu tuliokuwepo. Kwa hiyo kumbukumbu kwetu ni amana, na amana hulindwa kwa uzito uleule iliowekwa nao.

Watu wa delta tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Mashua ikipita Nyamisati kuelekea Mafia, watu husifu tanga na rangi ya ubavuni. Mataruma ya ndani, yaliyokatwa kwenye mlilana, mti unaosimama mbele ya mikoko yote na kulipokea wimbi la kwanza, hakuna anayeyaona. Fundi anayaona. Na mama zetu hukaa dunguni miezi, wakiamia mpunga dhidi ya ndege, nyani na nguruwe, usiku na mchana. Mchele ukifika mjini husifiwa mchele wa mikoa mingine. Sisi tunajua ladha ya kupunjwa. Anayeijua ladha hiyo hana udhuru wa kumlisha mwenzake.

Naandika haya nikijua kuwa kupunja kuna ndugu yake, naye ni kuzidisha. Ukiweka jiwe ndani ya gunia umeharibu mizani sawa na aliyeegemeza mkono. Hilo nalo mzee yule mkata miwa alinifundisha jioni ileile ya barazani. Baada ya watu kuanza kutawanyika kwa adhana ya magharibi, mmoja wetu alitaka kumfurahisha, akasema, "Basi, babu, tukubali: Mtibwa ile ilikuwa bora kuliko timu zote zilizowahi kucheza nchi hii." Mzee akakataa. Alisema aliwaona Simba wa miaka ya 1970, waliochukua ubingwa mara tano mfululizo tangu 1976 mpaka 1980, na hawezi kuwadhulumu wale ili kuwalipa hawa. Anachodai ni kilo za Mtibwa tu.

Nilimwambia nakusudia kuliandika jambo hili. Alisimama, akajikung'uta kanzu, akaweka sarafu zake mezani moja moja mpaka zilipotimia bei ya vikombe viwili alivyokunywa.

"Andika 1999," akasema. "Andika 2000. Usiongeze kitu, na usipunguze."