Nyumba Mpya na Maneno ya Dini

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetueleza katika Sura ya Nahli kuwa ametufanyia majumba yetu kuwa matulizo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baadu. Enyi ndugu zetu, tangu lilipofunguliwa daraja la Kigamboni mwaka 2016, watu wamezidi kuhama mjini na kuvuka maji kuja kujenga huku kwetu, Kibada na Mjimwema hatta Gezaulole. Mwenye kumaliza nyumba husomewa dua na kulisha watu, na jambo hili ni jema. Vitabu vya madhehebu yetu ya Kishafii huiita karamu hiyo wakira, nayo ni katika walima zinazopendeza. Lakini katika karamu hizo husikika maneno mazito, baraka, amana, imani, yakitamkwa kwa wepesi kama mtu aagizaye kahawa, na hilo ndilo lililotutia kuandika.

Neno la dini ni mfano wa nyumba, na maana yake ndiye mkazi. Mkazi aweza kuhama na nyumba ikabaki imesimama, na apitaye njiani asijue. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, katika Kitabu cha Elimu cha Ihya yake ametaja majina matano yaliyogeuzwa maana: fiqhi, elimu, tauhidi, ukumbusho na hekima. Fiqhi kwa watu wa kwanza ilikuwa ni kuijua njia ya Akhera na maradhi ya nafsi. Kisha ikawa ni kuhifadhi masala ya nadra ya talaka na ijara na kushindana kwayo. Watu waliiacha maana, wakabaki na heshima ya jina.

Wenye fikira wa zama za karibu nao wamefanya hivyo, wengine kwa nia safi. Einstein alipoulizwa mwaka 1929 kama amwamini Mungu, alijibu kuwa amwamini Mungu wa Spinoza, adhihirikaye katika utaratibu wa ulimwengu, wala si ashughulikaye na mambo ya wanadamu. Jina ni lile tulijualo, lakini hapana wa kuombwa ndani yake. Na kwetu, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza kwa sehemu iitwayo Imani ya TANU; na itikadi, ambayo katika vitabu vyetu ni lile fundo la moyo juu ya Mwenyezi Mungu na Mitume wake, ikawa jina la siasa ya chama. Hiyo Gezaulole ilifanywa kijiji cha Ujamaa katika miaka ya 1970. Hatusemi kuwa Mwalimu Nyerere aliidhihaki dini. Alikuwa Mkatoliki mshika ibada, na kutaka watu wasinyonyane ni jambo la haki. Twasema tu kuwa TANU ilikoma mwaka 1977, na neno imani likabaki jepesi kuliko lilivyokuwa.

Lakini kwa nini tuwatafute wa mbali? Mwenye kutundika Ayatul Kursiyyu ukutani, na ukuta huo umekula hatua mbili za kiwanja cha jirani, huyo naye amemtoa mkazi katika neno. Viwanja huuzwa mara mbili, na mawe ya mpaka hutembea usiku, nani asiyejua? Mtume (s.a.w.) ameonya, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba. Shibiri, ndugu yangu, wala hakutaja ekari.

Aweza mtu kuuliza: Je, na sala yangu humo? Imamu Nawawi asema katika Majmuu kuwa kusali katika ardhi iliyoporwa ni haramu kwa ijmai, na sala yenyewe kwetu Mashafii yasihi, hailipwi. Lakini wako wanavyuoni wetu wasemao kuwa haina thawabu. Rukuu ipo, sijida ipo, na mkazi hayumo.

Basi kabla ya kumwita mwalimu aje asome dua, mwenye shaka na amwite jirani, awe Mwislamu au asiwe, waje na kamba ya kupimia. Na aliyekwisha kujenga, hukumu yake haifichiki: ni juu yake kuuvunja ukuta na kuirudisha ardhi, ila mwenyewe akiridhia kumwuzia au kumsamehe, na kulipa ujira wa muda alioikalia. Ujira huo ni deni. Akifa kabla ya kuulipa, hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana.